Mafuta ya Taa ya Mzee Nevi

Ukisimama Himo ukauliza anakoishi Eliamini Mtui, watu watakutazama tu, maana kina Mtui ni wengi na kina Eliamini hawahesabiki. Lakini ukisema Mzee Nevi, hata mama anayeuza ndizi kando ya barabara atakuelekeza: panda barabara ya Mwika, pita kanisa, utaona nyumba ya bati jekundu yenye geti lisilofungwa. Zamani wangeongeza, "Yule mwenye sheli." Siku hizi wanaonyesha kwa kidole, kisha wanarudi kwenye shughuli zao.

Alizaliwa Mwika mwaka 1956, mtoto wa tatu kati ya wanaume wanne. Kwa desturi ya kule mlimani, mkubwa hupewa sehemu yake, wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati hujitafutia. Eliamini akajitafutia jeshini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya mfereji uliopita nyuma ya migomba ya baba yake. Jeshi likampeleka Kigamboni, kwa wanamaji, wale ambao watu huwaita nevi. Walimfundisha kuogelea kwa kumsukuma baharini, wakamfundisha injini kwa kumwacha nazo mpaka azielewe. Kuogelea hakukumkaa vizuri. Injini zilimkaa. Akawa mtu wa mafuta na mashine, mtu ambaye ukimpa kitambaa kichafu anakunusia na kukuambia ni dizeli, ni petroli au ni mafuta ya taa, na kama yamechanganywa.

Vita vya Kagera vilimkuta na miaka ishirini na miwili. Yeye na wenzake walihamishiwa Mwanza, kwenye vyombo vilivyovusha askari, chakula na mapipa ya mafuta kwenda Bukoba. Asubuhi moja, wakiwa wamepakia petroli, alishuka chumba cha injini akakuta harufu ambayo haikupaswa kuwa pale. Pipa moja lilikuwa linavuja, na petroli ilikuwa imeteremka mpaka kwenye maji machafu ya chini ya chombo. Akapanda kumwambia sajini wake.

"Afande, huku chini kunanuka petroli. Tusiwashe kwanza."

"Wewe umeletwa jeshini kunusa au kufanya kazi?" sajini akamuuliza. "Bukoba wanasubiri. Washa."

Wakawasha. Walikuwa bado wanaiona Mwanza moto ulipopanda. Walikufa watatu. Mmoja wao alikuwa Daniel, kijana wa Bunda aliyelala kitanda cha jirani, mcheshi, aliyekuwa na mchumba aliyemwandikia barua kila wiki. Eliamini alirukia majini mgongo ukiwaka, akaokolewa na boti ya wavuvi. Taarifa iliyosomwa kambini baadaye ilisema ni ajali ya kivita. Sajini ndiye aliyeisoma, kwa sauti kavu, bila kupepesa macho. Eliamini alimchukia mtu yule kwa maisha yake yote, na alimsimulia kila aliyekuwa tayari kumsikiliza.

Aliachana na jeshi mwaka 1982, akarudi Moshi na makovu yaliyofunika mgongo mzima na medali aliyomwachia mama yake. Nchi ilikuwa kavu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mafuta ya taa kwa foleni ndefu kuliko zote. Yeye akapanga chumba mtaa wa Pasua, akapata pipa moja, akaanza kuuza mafuta ya taa kwa chupa. Wanawake walipenda kununua kwake kwa sababu moja tu: taa zao hazikutoa moshi mweusi. Wauzaji wengine walichanganya, yeye hakuchanganya. Pipa moja likawa matano. Akanunua lori bovu, akalifufua kwa mikono yake. Serikali ilipolegeza biashara ya mafuta, Eliamini alikuwa tayari. Akajenga sheli yake kwenye barabara ya kutoka Moshi kwenda Himo, pampu nne, paa la bluu, na lori la tangi lililokwenda Dar kila wiki na kurudi. Watu wakaiita sheli ya Mzee Nevi, ingawa wakati huo alikuwa hajafika hata miaka hamsini. Alimwoa Anaeli, muuguzi wa Marangu, wakazaa watoto wawili, Gladness na Ronald. Pale sheli palikuwa na sheria moja kali: ukikutwa na sigara, umefukuzwa siku hiyo hiyo. Na kila mfanyakazi mpya alisimuliwa habari za Daniel na sajini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu kulieleza.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2003, wiki ya Krismasi. Anayeijua Kilimanjaro anajua wiki hiyo: Wachaga wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi, wote wanapanda nyumbani, nyumba zinajaa, majiko hayapoi. Umeme ulikuwa haujafika kwenye vitongoji vingi vya juu, na mafuta ya taa yalikuwa yameadimika kwa siku kumi. Mbele ya sheli ya Mzee Nevi palikuwa na msururu wa madumu ya njano, kila moja limewekewa jiwe juu lisipeperushwe, wenyewe wamekaa kivulini wakingoja lori.

Lori liliingia saa tatu asubuhi. Dereva wake, Kornel, kijana wa Pasua aliyekuwa naye kwa miaka tisa, alishuka akaja moja kwa moja ofisini na kufunga mlango.

"Mzee, chemba ya pili ya tangi haikukaushwa," alisema. "Ilikuwa na petroli safari iliyopita. Nilipofika bohari Dar niliwaambia, wakanijibu nisogeze gari, foleni ndefu. Wakajazia mafuta ya taa juu yake."

"Ilibaki petroli kiasi gani?"

"Sijui. Lakini si kidogo."

Eliamini alitoka, akapanda juu ya tangi, akachota kidogo na kumimina kiganjani. Akasugua, akapuliza. Mafuta ya taa hubaki mkononi na utelezi wake. Haya yaliruka upesi yakaacha ubaridi. Hakuhitaji hata kunusa, ila alinusa.

Alisimama pale juu kwa muda. Aliwaona watu wakiinuka kivulini, wakiyaondoa mawe juu ya madumu yao, wakimpungia. Kulirudisha lori Dar maana yake ni kuwaambia watu hao waondoke mikono mitupu mpaka mwaka mpya. Maana yake ni kusema mbele yao kwamba mafuta ya Mzee Nevi, yeye anayejisifu kila siku, ni machafu. Ng'ambo ya barabara mshindani wake alikuwa amefungua sheli mwezi uliopita, na alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

"Mwaga tangini," alisema aliposhuka.

"Mzee, haya si mafuta ya taa tena."

"Kule chini kuna ya zamani. Yakichanganyika yatapotea."

"Hayapotei. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba hayapotei."

"Kornel, nimekuajiri kuendesha gari au kunusa?"

Maneno yalipomtoka, aliyatambua yalikotoka. Kornel naye aliyatambua, kwa sababu alikuwa ameyasikia katika masimulizi mara nyingi. Walitazamana. Kisha Kornel akavuta mpira, akaufunga, akafungua koki.

Saa nane mchana Evelyn alifika. Evelyn alikuwa binti wa baba mdogo wa Eliamini, wamekua uani pamoja, na ingawa alikuwa ameolewa na Mwalimu Yohana Lyimo palepale Mwika, hakupita sheli bila kumsalimia kaka yake. Alikuwa ametoka sokoni Moshi na kapu la vitu vya sikukuu na gauni jipya la binti yake Goodness, mtoto wa miaka sita. Na alikuwa na dumu la lita tano. Wafanyakazi walijua kwamba dada wa mzee haulizwi chochote. Walimjazia.

Eliamini alikuwa dirishani. Aliliona dumu likijazwa. Aliona Evelyn akilifunga kwa kipande cha nailoni ili mafuta yasimwagike, akilipandisha kwenye gari la Mwika. Palikuwa na watu kila mahali. Angetoka angesema nini? Angesema, dada, wewe peke yako acha? Akajiambia kwamba nyumba ya mwalimu inapikia kuni. Akajiambia ni lita tano tu. Evelyn aligeuka akamwona dirishani, akanyanyua mkono kumuaga. Na yeye akanyanyua wake.

Kesho yake jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, Evelyn aliwasha jiko la mchina, lile la mafuta ya taa, kumchemshia mtoto maji ya kuoga, maana kuni zilikuwa zimelowa kwa mvua. Goodness alikuwa amesimama karibu, amelishika gauni jipya, hataki kuliachia. Jiko lilitulia kidogo, kisha likapasuka. Majirani waliokuja mbio walimkuta Evelyn amemlalia mtoto. Mtoto aliungua shingo, sikio la kushoto na mikono yote miwili. Mama aliungua karibu mwili wote.

Siku hizo hizo nyumba nyingine ilishika moto kule chini ya Mwika, hakuumia mtu. Na Pasua fundi cherehani mmoja, Valerian, taa ilimlipukia usoni. Lakini mji ulikuwa na sikukuu, na hakuna aliyeziunganisha ajali hizo tatu. Polisi mmoja alipanda Mwika, akatazama jiko lililokunjamana, akauliza maswali mawili, akaandika kwamba mama wa nyumba alikuwa ameongeza mafuta jiko likiwa linawaka. Ni kosa ambalo kila mtu alilijua. Redio ilikuwa ikilionya kila mwezi.

Evelyn aliishi siku tatu hospitalini mjini, na alikuwa na fahamu. Eliamini alikwenda siku ya pili na kopo la maziwa. Alimkuta amefungwa bendeji mpaka kidevuni. Yohana alikuwa ametoka kwenda kumwona mtoto wodi nyingine.

"Kaka," Evelyn alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi. "Mwambie Yohana sikuongeza mafuta. Naona haniamini. Nililiwasha tu."

"Nyamaza, upumzike."

"Wewe atakusikiliza. Mwambie."

"Nitamwambia," alisema Eliamini.

Alitoka nje, akamkuta Yohana kwenye kibaraza, mtu mrefu mwembamba aliyefundisha hesabu miaka kumi na tano na hakuwahi kumpiga mwanafunzi. Yohana alimshika bega akalia. "Shemeji, nilimkataza. Mara ngapi nilimkataza kuongeza mafuta jiko likiwaka?" Eliamini alifungua mdomo. Akaufunga. Akamkumbatia.

Evelyn alikufa siku ya Krismasi. Eliamini alinunua jeneza, akatoa gari, akasimamia kila kitu. Siku moja baada ya kifo alikuwa ameshatundika kibao kwenye pampu ya mafuta ya taa, IMEHARIBIKA, na kumwita fundi wa mbali kulinyonya tangi mpaka chini. Kanisani, siku ya maziko, Yohana alisimama kutoa shukrani, na katikati ya maneno yake akasema, "Mama Goodness alikuwa mke mwema, lakini alikuwa na haraka. Wanawake wenzake, mjifunze. Haraka imeninyima mke na imemharibu mwanangu." Wanawake wakaitikia kwa vilio. Eliamini alikuwa benchi la mbele. Alitazama viatu vyake.

Kornel hakurudi kazini baada ya mwaka mpya. Alikwenda kuendesha malori ya watu wengine, ya kuvuka mpaka wa Holili kwenda Mombasa, na wale waliomjua walisema amekuwa mlevi.

Baada ya hapo ndipo sifa za Mzee Nevi zilipokua. Alimsomesha Goodness kuanzia darasa la kwanza mpaka chuo. Alimpeleka kufanyiwa upasuaji wa mikono mara nne, mpaka vidole vikaweza kushika kalamu. Alilijengea kanisa ukuta, akaichimbia shule kisima. Kila Krismasi alimpelekea Yohana mbuzi. Watu walisema hawajawahi kuona mjomba wa namna ile. Anaeli, mkewe, ndiye pekee aliyeona kitu kingine: kwamba mume wake hakuweza kukaa jikoni jiko likiwa linawaka, kwamba Goodness akimshika mkono kwa vidole vile vyake vilivyokunjamana, mzee alikuwa akihesabu kimya kimya mpaka auachie. Alimuuliza mara kadhaa. Alijibiwa kuwa ni mambo ya vita.

Miaka ishirini ikapita hivyo.

Mapema mwaka 2023 mtu alimpigia simu kwamba Kornel ni mgonjwa na anamwita. Alimkuta Pasua katika chumba kimoja, tumbo limevimba, macho ya njano.

"Nimeungama kwa padri," Kornel alisema bila salamu. "Ameniambia niwaendee niliowakosea. Siwezi kupanda Mwika, unaniona. Nenda wewe."

"Kornel, wewe ulikuwa dereva tu."

"Ndivyo nilivyojiambia. Haikunisaidia." Akageukia ukutani. "Koki niliifungua kwa mkono wangu, mzee."

Alikufa wiki iliyofuata. Eliamini alimzika, akatoa rambirambi, akarudi nyumbani na hakwenda kokote. Alijipa sababu. Yohana ni mzee sasa, habari hiyo itamwua. Goodness ni mwalimu tayari, ana maisha yake, kwa nini kumvuruga? Miezi minane ilipita.

Mwezi wa Oktoba usharika uliandaa jubilei, na wazee wa kanisa wakaamua kumpa Mzee Nevi cheti cha heshima. Goodness ndiye aliyeombwa kutoa ushuhuda. Jumamosi moja alishuka kwa mjomba wake na daftari, akakaa sebuleni, akasema, "Shikamoo mjomba. Nataka nikusomee kwanza, nisije nikakosea mbele za watu." Akasoma kwa sauti ya kidarasa. Alipofika ukurasa wa pili akasoma hivi: "Mama yangu alifanya kosa, na kosa lake liliniachia mikono hii. Lakini Mungu hakuniacha. Alinipa mjomba."

"Rudia hapo," Eliamini alisema.

Goodness akarudia.

"Nani amekwambia mama yako alifanya kosa?"

"Kila mtu, mjomba. Baba. Nimekua nalijua." Akatabasamu. "Nilishamsamehe zamani."

Eliamini alimwambia ni ushuhuda mzuri, akamsindikiza mpaka getini. Hakulala. Asubuhi alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, jani ambalo Mchaga hulibeba anapokwenda kuomba msamaha mkubwa, na ambalo si rahisi kwa mtu kulikataa. Akapanda kwa miguu mpaka kwa Yohana.

Yohana alikuwa anamenya ndizi za mtori kwenye kibaraza. Aliliona jani kabla ya kumwona mtu vizuri.

"Shemeji, isale? Nani amekufa? Umemkosea nani?"

"Wewe."

Akamweleza yote, amesimama, bila kukaa alipokaribishwa. Chemba ya pili. Kiganja. Dirisha. Na alipofika kwa yale aliyoambiwa na Evelyn hospitalini, Yohana aliweka kisu chini.

"Alikwambia na wewe?"

"Aliniambia nikwambie."

"Mimi aliniambia mara tatu," Yohana alisema taratibu. "Mara tatu, shemeji. Mara ya tatu nilimjibu, Evelyn, usiende mbele za Mungu na uongo." Akaitazama mikono yake, myeusi kwa utomvu wa ndizi. "Hakusema tena neno mpaka akafa. Nilidhani ni maumivu."

Kuku waliparua chini ya mibuni. Mwishowe Eliamini alimnyooshea jani kwa mikono miwili. Yohana hakulipokea.

"Najua desturi," alisema. "Nikilipokea nimekusamehe kwa niaba yangu. Mimi mwenyewe ndiye ninayehitaji kubeba isale, na wa kumpelekea yuko chini ya ule mgomba. Liweke hapo mezani. Nenda kamwambie mtoto. Usimtume mtu."

Alimwambia Goodness mchana huo huo, darasani kwake, watoto walipokwisha kutoka. Goodness hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Ulijua kabla, au ulijua baada?"

"Kabla."

Akachukua chaki, akaanza kuandika ubaoni somo la kesho, mgongo umemwelekea, mpaka Eliamini akaelewa kwamba ameambiwa atoke.

Jumapili ya jubilei hapakuwa na cheti. Baada ya matangazo Yohana alitembea mpaka mbele, akasema miaka ishirini iliyopita mahali hapo alimsingizia mke wake, kwamba Evelyn hakuongeza mafuta, kwamba alisema kweli na hakusadikiwa. "Ninamwomba radhi," alisema, na akarudi kukaa. Hakutaja jina la mtu. Waliosimama nyuma waliona Mzee Nevi akiinuka katika benchi lake, amejishikilia kwa mkono mmoja. "Mafuta yalikuwa yangu," alisema. "Yalikuwa na petroli. Nilijua, nikauza." Anaeli, aliyekuwa ameambiwa usiku uliotangulia tu, alikuwa pembeni yake amefunika uso kwa kanga.

Alikwenda polisi mwenyewe. Afisa aliyemsikiliza alikuwa bado mtoto mdogo mwaka ule. Alitafuta jalada, halikuonekana, akamwambia mzee arudi nyumbani, ataitwa. Hajaitwa. Ronald, mwanawe, aliifunga sheli kwa muda, akaipaka rangi nyingine na kumkodisha mtu wa Arusha. Kaka mkubwa wa Evelyn alitangaza kwamba Eliamini asikanyage msiba wala harusi ya ukoo, na hajakanyaga. Gladness hupiga simu kutoka Dar na kuongea na mama yake tu. Anaeli bado anampikia. Anapika nje.

Februari Goodness alikuja. Alisimama getini, hakuingia, hakuamkia.

"Pasua kulikuwa na fundi aliungua uso," alisema. "Nimeulizia. Anaitwa Valerian. Umeshakwenda?"

"Bado."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Goodness aliondoka kwa miguu, mikono ndani ya mifuko ya sweta.

Kesho yake Eliamini alikwenda Pasua. Waliomjua fundi walisema alihamia Holili siku nyingi. Akapanda gari akaenda Holili, akauliza kwenye vibanda vya karibu na mpaka, mpaka akamkuta: mtu wa miaka sitini na kitu, jicho la kulia limezibwa na ngozi ya kovu, ameinama juu ya cherehani anapindia suruali. Malori yalikuwa yananguruma nje, ikambidi aseme kwa sauti. Alisema yote kama alivyoyasema kwa Yohana. Valerian hakuacha kushona. Alipofika mwisho wa mshono alikata uzi kwa meno.

"Kwamba ni mafuta nilijua," alisema. "Mke wangu alisema wiki ile ile, haya mafuta si mazima. Nilidhani na ninyi mmetapeliwa kama sisi. Nilikuwa nakuonea huruma, mzee. Biashara yako ilikuwa safi." Akaigeuza suruali upande wa pili. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nenda. Mwenye nguo anakuja saa kumi."

Eliamini alitoka akasimama kando ya barabara. Magari ya Himo yalipita mawili, hakuyasimamisha. La tatu lilisimama lenyewe, kondakta asiyemjua akamshika mkono mzee apande, akamwamkia, akamuuliza anashukia wapi.